Kanisa liliungua, bima ikatupa milioni 64: kampuni nawapa nyota tatu na nusu, broka moja na hiyo moja ni ya salamu

Nilisema sitaandika kitu mpaka hela iingie na bati lipande. Hela imeingia, bati limepanda, sasa naandika. Kampuni siitaji, broka, yani wakala aliyetuunganisha na kampuni, simtaji, kontrakta nae namwacha maana mtu mwenyewe bado yupo saiti na sitaki aache kazi katikati. Mi ni mtunza hazina msaidizi wa usharika mmoja wa Kilutheri pembezoni mwa Arusha, na kwenye hii habari yote ya moto faili nilikuwa nabeba mimi, kwahiyo kila karatasi imepita mkononi kwangu na nyingine nimezitolea kopi mpaka mwenye stesheneri akaanza kuniita mama bima.

Kwa ufupi tu ilivyotokea. Jumamosi usiku, mwezi wa pili mwaka jana, kwaya ya vijana wamemaliza mazoezi kama saa tatu, wamefunga mlango wameondoka. Nyuma wameacha ekstensheni moja ya madukani hizi za elfu nane, imebeba amplifaya, kinanda, feni mbili na chaja za simu sijui ngapi, na ile ekstensheni yenyewe imechomekwa kwenye soketi ambayo fundi mmoja wa humu humu kwaya aliiongeza kwa mapenzi yake, bila kumwambia mtu. Saa tano hivi mlinzi anaona mwanga dirishani anadhani kuna mtu anaiba. Alipofungua mlango ndo hewa ikaingia na moto ukapanda darini. Tukapiga 114, Zimamoto wakaja, nawashukuru sana wale vijana walifanya kazi, shida ikawa getini kwetu: mbele tumejenga fremu za maduka za kukodisha na tumebana njia mpaka gari kubwa lilipita kwa kukwaruza. Tulijibania wenyewe. Saa nane usiku paa lote lilikuwa chini, dari yote, mabenchi, madhabahu. Kuta zimesimama na mnara wa kengele umesimama.

Jumapili asubuhi tulisali nje chini ya mti wa mparachichi, watu wana masizi kwenye nguo. Mnada wa mazao ulifanyika kama kawaida, mkungu wa ndizi ukauzwa laki tatu kwa hasira.

Haya sasa, huduma.

Kitu cha kwanza nilichofanya ile Jumapili ni kumpigia broka. Simu inaita haipokelewi. Nikampigia tena mchana, haipokelewi, nikatuma meseji ya wasapu, tiki mbili za bluu, kimya. Jumatatu saa nne ndo ananipigia, "pole sana mtumishi wa Mungu, hiyo ni klemu nyepesi, msiwe na wasiwasi, mna kava nzuri." Klemu ni dai la bima, kava ni kinga. Naomba mkumbuke hayo maneno, kava nzuri, nitarudi huko.

Lakini kumbe nyuma ya hati ya bima kuna namba ya kampuni yenyewe, mchungaji ndo aliiona, tukapiga ile ile Jumapili jioni akapokea kaka mmoja, mpole, akachukua namba ya hati, akatuambia mambo matatu: msisogeze kitu chochote mpaka mkaguzi aje, nendeni polisi mkachukue RB, yani namba ya taarifa yenu, halafu ombeni ripoti ya Zimamoto kwa barua maana hiyo haiji yenyewe. Akasema pia tupige picha na video kabla mvua haijanyesha. Kwa hilo tu kampuni nikawapa nyota ya kwanza, Jumapili jioni mtu kupokea simu ya bima sio kitu kidogo nchi hii.

Hapo kwenye "msisogeze kitu" ndo tuliponusurika kwa kamba. Vijana walishajipanga Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi na makoleo na matoroli waje kusafisha, wana uchungu, wanataka kufanya kitu, ukiwaambia waache wanakuona huna imani. Mchungaji ilibidi asimame mlangoni. Hata hivyo mzee wetu mmoja, simlaumu, alishachukua bati zilizoungua zilizoangukia nje akaziuza kwa watu wa skrepa, akapata laki moja na elfu themanini, akaja akaziweka kwenye bahasha akaandika SADAKA YA UJENZI. Hiyo laki na themanini ilikuja kukatwa kwenye malipo yetu hadi shilingi ya mwisho, kwasababu mabaki ya kitu kilichoungua yana thamani na bima huihesabu. Mzee akasema basi nimemtolea Mungu akachukua mtu wa bima. Tulicheka, siku ile tulihitaji kucheka.

Adjasta alikuja Jumatano. Huyu ni yule mkadiriaji wa hasara, analipwa na kampuni ya bima lakini sio mfanyakazi wao, ana leseni yake mwenyewe kutoka TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Sisi tulitegemea jibaba fulani la suti, akashuka binti mdogo tu kavaa buti na kofia ngumu, "shikamooni wazee wangu, poleni sana." Wazee wakajibu marahaba binti yetu karibu, nikaona macho yao yanasema huyu mtoto ndo atatuhesabia kanisa? Asee. Yule binti alikaa saa tatu na nusu. Alipima kila ukuta kwa leza, akapiga picha kila soketi iliyobaki, akachukua kipande cha waya akakiangalia ncha yake, akauliza nani aliongeza hii soketi na lini, akauliza fremu za mbele zinafanya biashara gani, akaandika saluni, duka la dawa, mama ntilie anayetumia gesi. Akauliza hizo fremu mliitaarifu bima? Kimya. Akasema sawa, moto haujaanzia huko kwahiyo sitaukatalia, ila naandika, na nyie mkirenyuu muwaambie. Hakutisha mtu wala hakuahidi kitu. Kila nilichomuuliza alinijibu hata kama jibu sikulipenda. Yeye nampa nne na nusu, hiyo nusu nimeikata maana ripoti yake ilichukua wiki sita na sisi tulikuwa tunaingia masika na turubai la kukodi.

Karatasi walizotaka nitazitaja kwa wanaohitaji: hati ya bima, risiti ya EFD ya malipo ya premiamu (ada ya bima), RB ya polisi, ripoti ya Zimamoto, hati ya kiwanja, michoro kama ipo, BOQ ya matengenezo (orodha ya vifaa, kazi na bei zake) kutoka kwa QS, mkadiriaji majenzi, kotesheni tatu za makandarasi, orodha ya vitu vilivyoungua na risiti zake. Risiti ya premiamu waliiangalia tarehe mara mbili, maana siku hizi bima inaanza ukilipa, hakuna zile za zamani za "nitalipa mwisho wa mwezi", na sisi tulilipa Novemba kwahiyo tulikuwa salama. Kwa risiti za vitu tulijiaibisha. Spika zina risiti, mabenchi yalitengenezwa na fundi aliyeshafariki, kinanda kumbe sio cha usharika, ni cha kaka mmoja wa kwaya alikuwa anakiacha pale. Kinanda cha mtu binafsi kwenye bima ya kanisa hakilipwi kama hakijaandikwa. Kaka wa watu alilia, na mi nililia nae kidogo, kile kinanda alikinunua kwa kuuza bodaboda.

Halafu likaja la jina, hili sikuwahi kuliwaza maisha yangu. Hati ya bima imeandikwa jina la usharika. Hati ya kiwanja ipo kwa jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kampuni ikauliza, sasa mwenye jengo ni nani na cheki tunaandika kwa nani? Usharika peke yake kisheria hauwezi kumiliki ardhi, mwenye mali ni wadhamini, sisi tunatumia tu. Hawakugoma, walitaka barua ya wadhamini ikithibitisha kwamba usharika una maslahi kwenye jengo na wanaridhia malipo yaingie akaunti ya usharika. Hiyo barua ilichukua wiki tatu kwasababu wadhamini wanakaa vikao vyao na vikao havikaliwi kwa ajili yenu tu. Wiki tatu za mvua. Kama broka angeliona hilo siku anaandika bima, jina lingewekwa vizuri kwa dakika tano.

Sasa tuje kwenye kava nzuri.

Hasara ya jengo ilikadiriwa milioni 150: paa, dari, umeme, ukuta mmoja, kuondoa kifusi, injinia, kila kitu. Vitu vya ndani milioni 20. Jumla 170. Bima yetu ya jengo imeandikwa milioni 120 na ya vitu milioni 15. Kwahiyo kichwani kwetu wote, mpaka mchungaji, tukajua tutapata 120 na 15, jumla 135, tunachangishana 35 tunamaliza. Kwenye grupu la wasapu la usharika mtu akaandika "Ebeneza!" na moyo.

Barua ya kampuni ilipokuja inasema shilingi 64,620,000.

Mi nilidhani wamekosea kuchapa. Nikapiga simu kampuni, wakatuita ofisini, tukaenda wanne, dada mmoja wa idara ya klemu akachukua karatasi nyeupe akatuchorea. Kitu kinaitwa everaji. Jengo lenu zima, kulijenga leo kutoka msingi, ni milioni 300. Nyie mmelikatia bima la milioni 120, yani asilimia 40. Maana yake mmelipa premiamu ya asilimia 40 tu ya jengo, hizo asilimia 60 zilizobaki mmejibebea wenyewe kwenye bega lenu. Likiungua lote, mnapata 120. Likiungua nusu, hampati 120, mnapata asilimia 40 ya hiyo nusu. Asilimia 40 ya 150 ni 60. Toa ekses asilimia 10, hiyo ni sehemu ya hasara mnayobeba wenyewe kwa mkataba, inabaki 54. Vitu vya ndani vilitakiwa viwe vimekatiwa milioni 25, mkakatia 15, hiyo ni asilimia 60, ya 20 inakuja 12, toa ekses 10.8. Jumla 64.8. Toa skrepa ya mzee.

Tumekaa pale kama watu waliomwagiwa maji. Mzee wetu mmoja, mfugaji, yeye hajasema kitu muda wote, akakohoa akasema, "Kumbe tulikata bima ya paja tukadhani tumekata ya ng'ombe mzima." Yule dada akasema mzee hiyo nitaiiba, nitakuwa nawaelezea wateja hivo hivo.

Na iko kwenye mkataba. Ukurasa wa nne, herufi ndogo ila sio ndogo sana. Nimeisoma mwenyewe. Ndomana nasema kampuni sio wezi, na najua watu wa usharika wangu wakisoma hapa watanuna, kuna waliotaka twende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima na kuna aliyetaka twende redioni. Twende kusema nini? Kwamba tulisaini? Ofisi ya Msuluhishi ipo na ni haki ya mtu yeyote kwenda, bila hata wakili, lakini unaenda ukiwa umeonewa.

Hiyo milioni 120 ilitoka wapi sasa. Nimeenda kwenye makabrasha. Kanisa lilikamilika 2014, gharama ya ujenzi iliyoandikwa ni milioni 120, tena hapo nguvu za waumini hazijahesabiwa, mchanga wa kusomba kina mama, tofali za kuchangia, fundi wa kujitolea. Broka akaandika 120. Mwaka uliofuata 120. Mwaka uliofuata 120. Saruji ikapanda, nondo zikapanda, bati likapanda, tukaongeza ofisi ya mchungaji na mnara, 120. Kila Novemba broka anatuma invoisi ile ile kabadilisha tarehe tu, na baraza la wazee linaandika kwenye muhtasari "tuendelee na kiasi kilekile", nimeikuta hiyo sentensi miaka tisa, na miaka minne ya mwisho mwandishi wa muhtasari ni mimi! Kwahiyo msione nambebesha mtu mmoja.

Ila broka anakula kamisheni kwa kazi ya kujua hayo. Sisi ni wakulima, walimu, wauza duka, hatujui everaji. Hajawahi kuja kuliona jengo hata siku moja, nimeuliza kila mtu. Kwa jengo tulikuwa tunalipa laki tatu na VAT, 354,000 kwa mwaka. Kwa thamani halisi ingekuwa 885,000. Tofauti 531,000 kwa mwaka mzima, yani ni mkungu ule wa ndizi wa hasira na kuku wawili wa mnada wa Jumapili nzuri. Nilipompigia kumuuliza mbona hukutuambia, akanijibu "nyie ndo mnatoa thamani, mi naandika tu." Kama unaandika tu basi mwandishi ninae, ni mimi, sikulipi. Nyota moja na hiyo moja ni kwa sababu alisema pole.

Maamuzi ya kujenga sasa, hapa ndo usharika uliposhindana kweli kweli.

Kikao cha wote kilifanyika baada ya ibada, kikachukua saa tatu na dakika kumi, watoto wamelala kwenye kanga. Kundi la kwanza linataka tubomoe vyote tuinue gorofa la watu 1,500, Mungu ametufungulia njia kwa moto. Kundi la pili turudishe kama lilivyokuwa. Kundi la tatu wanasema tuchukue hela yote tulipe deni la nyumba ya mchungaji na tusali chini ya turubai mpaka tupone. Kijana mmoja akasimama na simu yake akasema mbona Notre-Dame ya Paris imeungua tarehe 15 Aprili 2019 na Desemba 2024 wamefungua, sisi tunashindwaje? Nikaomba nafasi. Nikasema mwanangu, lile jengo ni la serikali ya Ufaransa kwa sheria yao ya 1905, serikali haikatii bima majengo yake, inajibebea yenyewe, na michango iliyoingia ni kama yuro milioni 846 kutoka kwa watu laki tatu na arobaini elfu. Wewe ahadi yako ya mavuno mwaka jana ulitoa? Akakaa. Nilimtafuta baadae nikamuomba radhi, haikuwa vizuri kumwambia mbele za watu, ila jibu lenyewe silifuti.

Kilichomaliza ubishi ni bima yenyewe na injinia. Mkataba wetu ni wa kurudishia, sio wa kufidia uchakavu, maana yake wanalipa gharama ya kujenga upya kwa hali ile ile, lakini lazima ujenge. Ukichukua hela ukafanya mengine wanakukatia uchakavu wa miaka kumi na zaidi, ile 54 ingeshuka sana. Na wanalipa kilichokuwepo, hawalipi ndoto ya gorofa. Hapo kundi la tatu likaisha, la kwanza likapungua nusu. Injinia akaja kumalizia: msingi wenu haubebi gorofa. Basi.

Injinia alikuwa mzuri nae, wa kulipia, tulilipa na kampuni ikaihesabu ndani ya hasara. Alipita na nyundo ile ya kupimia zege, inagonga halafu inasoma namba, na akatuonyesha kwenye ukuta wa upande wa kwaya zege la ringi bimu, ule mkanda wa juu ya ukuta, limebadilika rangi limekuwa kama la waridi. Akasema zege likiwa hivyo limepita nyuzi joto 300 hivi, nguvu imepungua na hairudi, hata ukipiga plasta likapendeza. Kuta tatu zikapona, ule mmoja ukashuka. Adjasta mwanzoni aliandika kuta zote zibaki, tukamtumia ripoti ya injinia na picha, akabadilisha bila ugomvi, ndo ile 150 ilipofika, kabla ilikuwa 131. Kwahiyo ripoti ya adjasta sio Biblia, ukiwa na karatasi ya mtaalamu anasikiliza.

Kwenye paa tukagombana tena. Fundi mmoja anasema tuweke kenchi za chuma, chuma hakiungui. Injinia akacheka vizuri tu, akasema chuma hakiungui lakini kinalegea, kikifika nyuzi 600 hivi kimebaki na nguvu kama nusu na kinakunja kinavuta na ukuta. Mbao nene yenyewe inaungua taratibu, chini ya milimita moja kwa dakika, na ule mkaa wa juu unakinga wa ndani. Shida mbao zetu za zamani zilikuwa nyembamba na dari ilikuwa ya plastiki, ile inayong'aa tuliyoipenda wote, ndo ilikuwa inadondosha matone ya moto kwenye mabenchi. Halafu akatuambia kitu watu wengi hatukijui, mbao za dawa tunazonunua ni dawa ya mchwa na kuoza, haina uhusiano wowote na moto. Tukachagua mbao nene zaidi na dari ya jipsamu, jipsamu ndani yake imeshika maji kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, moto ukija unahangaika kwanza kukausha hayo maji. Bei ilizidi kidogo, ile tofauti tumeibeba wenyewe maana bima inalipa dari ya zamani.

Kotesheni zilikuja tatu: 178, 151 na 118. Hiyo 118 ni ya ndugu yetu muumini na hapo ndo palipouma. Hana usajili wa Bodi ya Makandarasi, ukuta mmoja hakuuweka kwenye hesabu, na umeme kaandika "fundi atatafutwa". Wazee wengi walitaka apewe, mtoto wa nyumbani. Mi nikasema jamani, umeme wa mtoto wa nyumbani ndo umetufikisha hapa. Sikupendwa wiki mbili. Tulichukua wa 151, na ndugu yetu tukamuweka awe jicho letu saiti kwa posho, na kwa hilo nampongeza, ameshakamata mchanganyiko mbovu wa zege mara mbili.

Malipo. Hapa kampuni ningewapa tano wasingenifanyia kitu kimoja. Makubaliano ni vitu vya ndani walipe mara moja na jengo kwa awamu mbili, nusu tukisaini, nusu injinia akithibitisha kenchi zimesimama. Sawa. Wakatuletea ile hati ya kukubali malipo, imeandikwa kiasi cha awamu ya kwanza halafu chini "malipo kamili na ya mwisho". Mchungaji alishashika kalamu. Mama mmoja wa baraza, mstaafu wa mahakama, akasema ngoja kwanza. Tungesaini ile, ile nusu ya pili tungeidai kwa maombi. Tukairudisha, wakaomba radhi, wakasema ni fomu ya kawaida imetumika kimakosa, ikaja nyingine baada ya siku nne imeandikwa vizuri. Yawezekana kweli ilikuwa bahati mbaya. Nyota nimekata. Hela zenyewe ziliingia haraka, ya kwanza siku kumi, ya pili siku kumi na mbili baada ya cheti cha injinia, bila kuombwa soda na mtu yeyote, hilo nalisema kwa herufi kubwa: HAKUNA MTU ALIYETUOMBA SODA.

Pengo la jengo likabaki milioni 97. Benki walikuja na mkopo, tukaukataa kwa kura, mi nilipiga ya kukataa pia. Bahasha za ujenzi, ahadi, sharika za jirani, Wakatoliki wametuazima viti miezi minane hawajawahi kuvidai, msikiti wa chini barabarani wakaleta bati ishirini na ustaadhi akakaa kunywa chai nasi. Hatujamaliza. Dari nusu, sakafu bado, tunasali tukiona kenchi.

Kurenyuu Novemba tulikwenda moja kwa moja kampuni ile ile, ndio, ile ile, bila broka. Walitaka kutuma mtu wa kukagua jengo kabla ya kuandika namba, nikasema hiyo ndo sentensi niliyokuwa naisubiri miaka kumi. Fremu zote tumezitaja mpaka gesi ya mama ntilie, tumevunja fremu moja kupanua geti. Hati ipo kwa jina la wadhamini na la usharika. Thamani ya jengo itapitiwa kila mwaka na premiamu imepanda, kaka wa kwaya kinanda chake kipya, tulichomchangia, kimeandikwa kwa jina na namba yake ya nyuma.

Meni swichi sasa ina kiboksi chenye kufuli, mzee wa zamu anazima kila baada ya mazoezi anaondoka na ufunguo. Jumapili iliyopita alisafiri Babati na ufunguo mfukoni, ibada nzima tukaimba bila spika, ngoma na midomo tu.